Puto, Pulizo au Baluni? Mwongozo Kamili wa Kuviita Vitu Vyenye Hewa Ndani

Niliwahi kupewa karatasi ya maelekezo niipitie kabla haijachapwa. Ilikuwa ya godoro la mgonjwa, lile linalojazwa na kimashine cha umeme ili mtu aliyelala muda mrefu asitoke vidonda mgongoni. Aliyetafsiri alikuwa ameandika "godoro la puto". Nikampelekea shangazi yangu, ambaye alimuuguza mumewe kitandani kwa miaka 3 na godoro hilo analijua kuliko mimi. Alisoma mstari mmoja akaivua miwani. "Mwanangu, huyu mgonjwa mnamlaza juu ya mapambo ya bethidei?"

Yeye huliita godoro la upepo. Nikafuta puto, nikaandika upepo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota makosa ya aina hiyo kila ninapopita: kwenye mabango, kwenye habari, kwenye maboksi ya vitu vya watoto. Karibu yote yana chanzo kimoja. Mtu ana neno la kigeni kichwani linalobeba kila kitu kinachojazwa hewa, akafungua kamusi, akakutana na "puto", akalibandika kila mahali. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, wala hakilihitaji. Chenyewe huuliza kwanza: ndani kuna nini, kimeingizwaje, na ngozi inayokishika ni ya namna gani? Ukijibu hayo, jina huja lenyewe.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo ndani

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu tunadhani hewa ni hewa tu. Lakini msikilize mtu anavyosema. Kinachotoka kifuani ni pumzi. Mtoto anayepuliza puto hadi mashavu yakamtuna, utasikia "ameishiwa pumzi". Kinachotoka kwenye pampu ni upepo. Tairi hujazwa upepo, mpira wa miguu hupigwa upepo, godoro la shangazi ni la upepo. Mwalimu wa sayansi atakwambia upepo ni hewa inayotembea, na kwamba ikishaingia ndani ya tairi ikatulia si upepo tena. Anasema kweli, na hakuna fundi atakayemsikiliza. Siku moja nilijitia usomi, nikamwambia kijana wa pancha, "Naomba uniongezee hewa gurudumu la nyuma." Akainua kichwa, akauliza, "Upepo?" Nikakubali yaishe.

Kwa hiyo gawanya hivi: kwa fundi, dukani na nyumbani sema upepo. Katika kitabu cha shule, maelezo ya kitaalamu au habari ya hali ya hewa andika hewa. Na kama kilichomo si hewa ya kawaida bali ni heliamu au hidrojeni, sema gesi na uitaje kwa jina, maana tofauti yake si ya maneno tu. Nitaifikia.

Kisha kuna yale yanayodanganya macho. Malengelenge ya mkono uliolima siku nzima yamevimba kama yana hewa, ila ndani ni maji, ndiyo maana lengelenge halijawahi kuitwa puto. Povu la sabuni lina hewa, na kila kijipovu chake kimoja ni kiputo. Hilo ni neno zuri lililosahaulika. Wengi wanasema mapovu kwa kila kitu, lakini soda ikifunguliwa vinavyopanda juu ni viputo, na maji yakikaribia kuchemka vinavyoanza kuonekana chini ya sufuria ni viputo.

Hatua ya pili: itazame ngozi

Mtungi wa gesi ya kupikia una gesi tele, na hakuna anayeuita puto. Ngozi yake ni chuma. Uujaze au uumalize, umbo ni lile lile. Puto ni kitu ambacho bila kilichomo ndani hakina umbo. Ukilitoa hewa, linabaki kitambaa au kikaratasi cha mpira mkononi. Hicho ndicho kipimo changu, na kinasaidia kutenga vitu vingi.

Sasa majina matatu ya kwenye kichwa cha makala hii. Puto ndilo la vitabu na la vyombo vya habari. Baluni limekuja na Kiingereza na limezoeleka mjini, Nairobi na Dar es Salaam pia. Wapambaji wa kumbi hulitumia bila wasiwasi. Pulizo limejengwa kwa matofali yetu wenyewe: kutoka kitenzi puliza, kama funiko lilivyotoka funika na pambo likatoka pamba. Binafsi nalipenda pulizo kuliko yote, kwa kile kitu cha watoto kinachopulizwa kwa mdomo. Lakini lina mpaka wake. Chombo kinachobeba watalii kumi juu ya nyumbu hakipulizwi na mtu, na ukikiita pulizo msomaji atatabasamu mahali usipotaka.

Ukiandikia wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, kuwa mwangalifu na baluni. Huko Kifaransa kipo karibu, na kwa Kifaransa *ballon* ni mpira wa kuchezea kwanza, mengine baadaye. Unaweza kutangaza zawadi ya baluni, watoto wakaja na viatu vya mpira.

Vingine vina majina yao ya zamani na havihitaji kuazima:

Kibofu ni kile cha mwilini. Wengi waliokulia kijijini wanakumbuka siku ya kuchinja: kibofu cha mbuzi kilioshwa, kikapulizwa kwa mrija, kikafungwa kwa uzi na kupigwa teke mchana kutwa. Lilikuwa pulizo kabla ya mapulizo ya duka.

Mpira ni neno lililobebeshwa mizigo mingi mno. Ni kitu cha kuchezea, ni utomvu wa mti, ni bomba la kumwagilia maji, ni kondomu, na hospitalini ni mrija wa mkojo. Boti zinazobeba wahamiaji katika bahari ya Mediterania huitwa na watangazaji boti za mpira, na hapo kila mtu anaelewa kwamba zimejazwa upepo bila kuambiwa. Usiongeze "puto" juu yake.

Boya huelea majini na kumwelesha mtu. Pete ya plastiki ya mtoto anayejifunza kuogelea ni boya, hata kama ina picha ya bata. (Tanzania boya pia ni mtu mjinga, kwa hiyo angalia sentensi yako inaelekea wapi.)

Tyubu ni ule mpira wa ndani wa gurudumu, na tairi ni gamba la nje. Anayesema "tairi limetoboka" huku tairi ni zima na tyubu ndiyo yenye tundu, fundi atamwelewa, ila bei ya kiraka na bei ya tairi jipya si sawa, kwa hiyo hapo usahihi una faida mfukoni.

Hatua ya tatu: ngeli, na jiji lenye jina la wingi

Puto ni la LI-YA: puto limepasuka, maputo yamepasuka, puto lake, maputo yake. Mitaani utasikia sana "puto hii, puto hizi, puto zimeisha", na sitamkamata mtu kwa hilo katika mazungumzo. Katika maandishi chagua moja na usilibadili katikati ya aya. Pulizo nalo ni LI-YA. Baluni huenda na I-ZI: baluni imepasuka, baluni zimepasuka. Kiputo ni KI-VI.

Wingi wa puto ukiuanza kwa herufi kubwa unakuwa mji mkuu wa Msumbiji. Jiji hilo liliitwa Lourenço Marques hadi 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru, na jina jipya lilitoka kwenye mto Maputo, si kwenye sherehe yoyote. Bado, kichwa cha habari kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa, "MAPUTO YAPASUKA", kitamtoa mtu jasho. Na kama unauza mapambo mtandaoni, usitegemee neno "puto" peke yake kama alama ya kutafutia. Kwa Kihispania ni tusi, na watakaokujia chini ya picha zako si wateja. Andika "mapambo ya puto" au "mapulizo".

Hatua ya nne: vitenzi

Jina likishapatikana, kazi yenyewe iko kwenye vitenzi. Mtu anaweza kupatia puto, kisha akaharibu yote kwa kuandika kwamba puto "limelipuka".

*Kuingiza.* Kwa mdomo ni kupuliza. Kwa pampu ni kujaza, au kupiga pampu. Usichanganye kupuliza na kupulizia: kupulizia puto ni kulirushia rangi au marashi. Ndiyo sababu pia "godoro la kupuliza" linanikwaza kidogo. Dukani "ya kupuliza" ni dawa ya mbu.

*Kukua.* Puto huvimba. Shavu na misuli hutuna. Unga wa maandazi huumuka, na hapo hewa yake imetengenezwa na hamira, haikupulizwa na mtu. Kufura ni kwa kidonda na kwa mtu aliyekasirika, hasa Kenya.

*Kupungua.* Hapa lugha ni tajiri kuliko tunavyoitumia. Tundu dogo likipitisha upepo polepole, kitu kinavuja. Mwiba ukipenya, kimetoboka, au kimepata pancha. Kikibaki kimelegea bila tundu linaloonekana, kimenywea. Kunywea ni neno la puto la siku ya pili baada ya sherehe, lile linalozagaa sakafuni limekunjamana. Na ni neno la mtu aliyekuwa akitamba mpaka mwenye nyumba alipotokea mlangoni.

*Kumalizika.* Puto hupasuka. Tairi likiachia barabarani nalo limepasuka, ndiyo maana taarifa za ajali husema gari "lilipasuka tairi la mbele". Kulipuka kuna moto au baruti ndani yake. Puto la hidrojeni lililoguswa na kiberiti ndilo linaloweza kulipuka. La pumzi haliwezi, hata likipiga kelele vipi.

Jambo moja limenivutia katika semi zetu. Kwa mtu mtupu mwenye maneno mengi, Kiswahili hakikungojea puto: tulikwisha kuwa na debe, na debe tupu haliachi kuvuma. Puto lilipofika lilikuta nafasi imejaa. Kilichobaki ni vitenzi, na hivyo tunavitumia vizuri: amevimba kichwa, anajitutumua, amenywea.

Hatua ya tano: unapoandika habari au maelezo ya kitaalamu

Angani, neno ni puto na sifa yake huja nyuma. Puto la hewa moto ni lile lenye kikapu na moto chini ya mdomo wake. Hewa ikipashwa hutanuka na kuwa nyepesi kuliko ile ya nje, na chombo kinapanda. Watu wa kwanza kuruka bila kufungwa kamba walifanya hivyo Paris tarehe 21 Novemba 1783, ndani ya puto la ndugu wa Montgolfier, miezi miwili baada ya kondoo, bata na jogoo kutangulia kule Versailles. Kwetu, safari za kibiashara zilianza Maasai Mara mwaka 1976 na mpigapicha wa wanyama Alan Root, na Serengeti zikafuata 1989. Waongozaji wa watalii huita baluni. Ukiandika makala andika puto la hewa moto mara ya kwanza, kisha puto.

Puto la hali ya hewa hubeba vipimo, hupanda hadi kilomita 30 hivi, likizidi kuvimba kadiri hewa ya nje inavyopungua, mpaka linapasuka. Puto la kijasusi tulilijua wengi Februari 2023, Marekani ilipolitungua la China karibu na pwani ya South Carolina. Hapo watangazaji wa Kiswahili walishikamana na "puto" kwa pamoja, na nadhani ndiyo wiki neno hili liliposikika redioni kuliko wakati wowote. Kabla ya hapo, Julai 2020, kampuni ya Loon iliyokuwa chini ya wamiliki wa Google ilianza kutoa intaneti Kenya kwa maputo 35 hivi yaliyoelea kilomita 20 juu, yakihudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Januari 2021 ikatangaza kufunga kazi. Ona sentensi hizo: hakuna mahali panapohitaji neno jingine zaidi ya puto na sifa yake.

Hospitalini mambo ni tofauti, na hapo kosa la neno linaweza kuumiza. Ule mrija unaoitwa mpira wa mkojo una puto dogo kwenye ncha iliyo ndani ya kibofu. Puto hilo limejazwa maji yaliyotakaswa, mara nyingi mililita 10, na ndilo linalouzuia mrija usichomoke. Kwa hiyo mwambie anayeuguza, kwa Kiswahili chepesi: "Usiuvute. Kuna kipulizo cha maji ndani kinachoushikilia. Muuguzi hukitoa maji kwanza." Nimeona karatasi zinazosema "kuna puto la hewa", na mtu akadhani likinywea lenyewe mrija utatoka. Halinywei hivyo.

Kwa mishipa ya moyo iliyoziba, daktari hupitisha mrija mwembamba wenye puto ncha yake, akalivimbisha mahali palipobana ili mshipa utanuke. Daktari Andreas Grüntzig aliifanya kazi hiyo kwa mgonjwa aliye macho mjini Zürich Septemba 1977. Kwa msomaji wa kawaida sema "kutanua mshipa kwa puto dogo". Ukisema "kupuliza mshipa" utamtia hofu.

Hatua ya sita: kwa wapambaji na wauzaji

Tangazo nililoliona ubaoni lilisomeka hivi: "Tunauza puto za kila aina, za kuogelea, za kulalia na za watoto." Mwenye duka alikuwa na mali nzuri aliyoificha nyuma ya neno moja. Iandikwe: "Tunauza maboya ya kuogelea, magodoro ya upepo na mapulizo ya sherehe." Mteja anayetafuta godoro kwa simu hataandika puto.

Katika bei, taja mambo matatu: ni la mpira au la foili, linajazwa upepo au heliamu, na ukubwa wake. Heliamu huwapa wateja ndoto kubwa, kwa hiyo waeleze hesabu mapema. Lita 1 ya gesi hiyo hunyanyua takriban gramu 1. Puto la mpira la sentimita 28 lina lita zipatazo 11, na ukitoa uzito wa mpira wenyewe inabaki nguvu ya gramu 8 au 9. Kumwinua mtoto wa kilo 20 kungetaka maputo zaidi ya 2,000. La mpira litaelea saa 12 hadi 24 tu, maana gesi hupenya ngozi yake. La foili hukaa siku kadhaa. Ukumbi wa Jumamosi jioni usijazwe Ijumaa asubuhi. (Heliamu nyingi iligunduliwa bonde la Rukwa, Tanzania, ikatangazwa 2016, lakini mtungi wa Kariakoo haujawa rahisi kwa ajili hiyo.)

Unapojaza la mpira, tazama shingo. Ikianza kuvimba nayo, umezidisha. Achia kidogo mpaka lirudi kuwa duara, kisha funga. Lisiachwe juani, litapauka na kupasuka mapema. Ule unga unaokugusa vidoleni una historia: Michael Faraday alipotengeneza maputo ya mpira London mwaka 1824 kwa majaribio yake ya gesi, alibandika vipande viwili kingo kwa kingo na kupaka unga katikati visigandane.

Maonyo yaandikwe kwa maneno makavu. Vipande vya puto lililopasuka viokotwe mara moja, humkaba mtoto kooni. Mtoto wa chini ya miaka 8 asiachwe peke yake na puto lisilojazwa. Asivute mtu heliamu kutoka mtungini ili sauti iwe nyembamba. Hunyima mwili oksijeni na msukumo wake unaweza kupasua mapafu. Puto la foili lisiachiwe karibu na nyaya za umeme. Na muuzaji anayekuambia gesi yake ni "ile ya kuelea tu" bila kuitaja jina, muulize kama ni hidrojeni kabla ya kuwasha mishumaa ya keki.

Kuna kitu kimoja ambacho bado sijakipatia jina la kunitosheleza: yale majumba ya rangi ya upepo ambayo watoto huingia kurukaruka. Nimejaribu kasri la upepo, nikajaribu nyumba ya kurukia. Jumapili moja ufukweni nilimkuta mwenye nalo ameandika ubao wake kwa chaki, bila jina lolote: "Kuruka dakika 20, sh. 2,000. Viatu vitolewe." Foleni ilikuwa ndefu.